Faini ya Tatu ya Desderius

Faini ya tatu ya mjomba wangu Desderius ilikuwa vibuyu vitatu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi, na ilinywewa siku ileile ilipotolewa, kuanzia saa sita mchana. Saa kumi alitakiwa kuwapeleka Kaisho watoto kumi na wanne wa kwaya.

Mwaka ulikuwa 1987. Kijiji chetu, upande wa Mabira, kilikuwa na gari moja, Landrova kuukuu ambayo wakulima wa kahawa waliinunua kwa kuchangishana, na dereva mmoja aliyetambuliwa na baraza, yaani huyo mjomba. Gari hilo lilibeba kahawa, wagonjwa, maharusi na maiti. Ndiyo maana kila alipogonga, watu walimkasirikia siku mbili, siku ya tatu wakasimama barabarani kumpungia awape lifti.

Mara ya kwanza aliua mbuzi wawili wa Mzee Yustus. Akatozwa kibuyu kimoja. Mara ya pili gari liliingia shambani kwa Anatolia, likalala juu ya migomba yake na kahawa aliyokuwa ameianika. Akatozwa viwili. Mara ya tatu lilimkuta Twagirayezu pembeni ya njia, jembe begani, likamvunja mfupa wa bega. Vikawa vitatu.

Kwetu faini haipelekwi mahali ikafungiwa. Inanywewa. Mkosaji anakamua ndizi, anasubiri maji yake yachachuke yawe pombe, anabeba vibuyu mwenyewe, anaonja wa kwanza mbele ya watu. Kisha yeye na aliyekosewa wanatia mirija katika kibuyu kimoja, wazee wanafuata. Asipokunywa, maana yake moyo wake haujatulia na kesi haijaisha. Nimekulia ndani ya desturi hiyo na nimeona ikiwapatanisha ndugu waliokuwa tayari wameshikiana panga. Sikuwahi kuiwazia vibaya mpaka ilipotumika kumwadhibu mtu kwa kosa la kulewa.

Asubuhi ya siku hiyo nilimkuta mjomba akiosha gari kwa majani ya mgomba. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwalimu wangu. Mbona mapema hivyo? Shule imeungua?"

"Saa kumi una watoto."

"Najua."

"Na saa sita una faini."

"Hilo nalo najua, Koku. Ndizi nimezikamua mimi."

"Usinywe, mjomba. Nakuomba."

Alicheka, akakamua maji kwenye yale majani. "Nisinywe faini yangu? Twagirayezu akiona nimekataa kutia mrija naye, usiku huu atalala? Atasema, huyu anataka kurudi animalizie."

"Basi onja tu."

"Nitaonja."

Alinyoosha mikono kunionyesha hakuwa na kinyongo na maneno yangu. Ilikuwa saa tatu asubuhi na vidole vyake vilikuwa vikitetemeka. Huyu ndiye aliyenipeleka chuo cha ualimu, godoro langu juu ya gari, sanduku langu ubavuni pake kwa sababu alisema nyuma lingekwaruzika. Nilirudi shuleni nikafundisha vipindi viwili ambavyo hata leo sijui nilifundisha nini.

Baraza lilikaa ghalani, kati ya magunia ya kahawa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Rwegoshora. Mimi nilikuwa katibu, kwa sababu nilikuwa na diploma na mwandiko unaosomeka. Wazee walizungumza Kinyambo, mimi nikaandika Kiswahili.

"Mwenyekiti, naomba neno," nikasema, kabla kibuyu cha kwanza hakijafunguliwa.

"Katibu anaandika. Hasemi."

"Basi niruhusu niandike kwamba nimesema."

Wakacheka, nami nikautumia upenyo huo wa kicheko. Nikawaambia kwamba mtu aliyegonga mara tatu kwa pombe haongezewi pombe. Ananyang'anywa ufunguo. Hatukanwi, hafukuzwi, anapewa kazi nyingine. Mjomba aliijua kahawa kuliko sisi sote, angeweza kusimamia ghala hili tulilokaa ndani yake. Usukani apewe Gaudiosus, ambaye wakati wa vita aliendesha malori ya jeshi mpaka ndani ya Uganda na kurudi, na tangu tumfahamu hajagonga hata kuku.

Gaudiosus alikuwa ameketi karibu na mlango, kofia mapajani. Alikuwa mlokole. Macho yote yakamgeukia kama vile ndiye aliyekuwa na kesi.

"Gaudiosus?" Mwenyekiti akauliza polepole. "Aliyemzika kaka yake bila kutia mrija na waombolezaji?"

"Mtu hanywi na wenzake," akasema balozi wetu wa nyumba kumi, Placidius, "utajuaje anawaza nini akiwa amekubeba?"

"Anawaza barabara!" Anatolia akadakia kutoka nyuma. "Huyu mwenzake aliwaza migomba yangu!"

Ghala lilitikisika kwa vicheko. Hata mjomba alicheka, akampigia Anatolia makofi.

"Waitu, wazee wangu, mimi nikiitwa naendesha," Gaudiosus akasema. "Nisipoitwa nalima."

"Hujaitwa," akajibu Mwenyekiti, kisha akamgeukia Twagirayezu. "Wewe ndiye uliyeumizwa. Unasemaje?"

Twagirayezu alisimama, mkono wake umeninginizwa kwa khanga ya mkewe. Alikuwa kibarua, wazazi wake walitoka Rwanda zamani, na nyumba aliyoishi ilikuwa kwenye shamba la Mwenyekiti.

"Nimesamehe," akasema. "Naomba iishe tu."

Mkewe, Vestina, alikuwa ameketi karibu nami. Alininong'oneza bila kugeuza kichwa: "Angesema nini kingine, mwalimu? Jioni turudi wapi?"

Vibuyu vikafunguliwa.

Mjomba alionja. Kisha akatia mrija na Twagirayezu, wakanywa wakitazamana, watu wakapiga makofi. Kisha Mwenyekiti akamwita wanywe pamoja, na Placidius, na mzee mwingine, na mwingine, kila mmoja akitaka aonekane naye amepatana na dereva. Nilianza kuchora kistari pembeni mwa daftari kila alipoinama. Vilipofika ishirini na tatu niliacha, kwa sababu kalamu ilikuwa inatoboa karatasi.

Saa tisa nikasikia kwaya. Walikuwa wamekuja mapema, blauzi nyeupe, vichwa vimepakwa mafuta, wanaimba kwa sauti tatu huku wakipanda gari. Kaisho kulikuwa na sikukuu ya mavuno na walikuwa wamejifunza nyimbo miezi miwili. Kumi na mmoja kati yao walikuwa wanafunzi wangu. Mmoja alikuwa mdogo wangu Auleria, miaka kumi na mitatu, aliyekalia ubao wa nyuma kabisa, pale mtu anaporushwa nje wa kwanza gari likiyumba.

Kutoka ghalani barabara inakwenda tambarare kidogo, kisha inashuka mteremko mrefu wenye makorongo, na chini kuna daraja la magogo juu ya kinamasi. Nilikuwa nimeuteremka mteremko ule na mjomba mara nyingi akiwa mzima, na hata hivyo nilikuwa nikishika kiti.

Nikaweka kalamu chini, nikatoka kama mtu anayekwenda kujisaidia.

Mwaka wa vita, mjomba alipokuwa akiendesha lori la chama, alilala na kitu kimoja mfukoni kila siku ili mtu asiliondoe lori bila yeye. Alinifundisha nikiwa binti mdogo, kwa kujigamba. Unafungua boneti. Unatafuta distributa, kile kifuniko cheusi chenye nyaya tano nene. Unafungua vibanio viwili, kifuniko kinainuka, na ndani kuna kipande kidogo kinachozunguka, wanakiita rota. Unakivuta tu. Bila hicho hakuna cheche, gari ni kibanda cha kuku.

Watoto walikuwa wakiimba. "Mwalimu anatazama maji!" mmoja akasema. Nikasema ndiyo, natazama maji. Nilivuta rota, nikarudisha kifuniko, nikafunga boneti. Rota ilikuwa ndogo kuliko kidole gumba. Nikaitia mfukoni mwa gauni, nikarudi ghalani, nikaketi, nikashika kalamu. Jasho lilikuwa likinitoka mpaka kwenye kope.

Mpango wangu wote ulikuwa huo: gari litakataa, watu watalaumu betri, watoto watarudi nyumbani, na kesho nitairudisha rota mahali pake kabla ya jogoo. Niliona ni mpango mzuri.

Saa kumi mjomba alitoka akiwa ameshikwa bega na Placidius. Alipanda kwa jaribio la pili. Akazungusha ufunguo. Gari likalalamika, likanyamaza. Akazungusha tena. Mara ya tano akapiga usukani ngumi.

"Betri hii! Wanaume, njooni!"

Sikuwa nimefikiria wanaume. Walikuwa karibu ishirini, wote wameshiba rubisi, wote wamepatana na dereva, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Walipanga mabega nyuma ya gari wakaanza kuhesabu.

"Lisukumeni mpaka pale juu!" mjomba akapiga kelele kwa furaha. "Likianza kuteremka litawaka lenyewe!"

Halingewaka. Mimi peke yangu duniani nilijua halingewaka. Lingeshuka mteremko wote ule kimya, na mlevi kwenye breki, na watoto kumi na wanne nyuma, mpaka kwenye magogo.

"Auleria, shuka!" nikapiga kelele. "Shukeni wote!"

Wakadhani nawatania. Kusukumwa ni raha. Auleria alinipungia mkono. Wanaume wakasema moja, mbili, na magurudumu yakaanza kugeuka, na yule wa mwisho akaacha kusukuma kwa sababu gari lilikuwa sasa linakwenda lenyewe kwenye ile tambarare.

Nilikimbia. Viatu viliniacha. Nililipita gari nikasimama katikati ya barabara, pale hasa tambarare inapokwisha, mikono nimeinyoosha. Niliona uso wa mjomba nyuma ya kioo, ukitabasamu, kisha ukijaribu kunitambua. Ilimchukua muda mrefu kunitambua. Nilikuwa na nafasi ya kuona wadudu waliogandamana kwenye taa, na kuona jinsi mguu wake ulivyotafuta breki ukakosa, ukatafuta tena ukaipata. Bampa lilinigusa magoti. Halikunigonga, lilinigusa, kama ng'ombe anavyokusukuma kwa pua.

"Koku! Umerogwa?"

Nikatoa rota mfukoni nikaiinua juu.

"Haliwaki kwa sababu ninayo mimi."

Auleria akaanza kulia, na wenzake wakaanza kushuka mmoja mmoja, wakishika sketi zao.

Mwenyekiti alifika akihema. "Lete hapa."

"Nampa Gaudiosus," nikasema. "Gaudiosus awapeleke watoto Kaisho sasa hivi, tusiharibu sikukuu yao. Mjomba akalale. Kesho tukae tena."

"Nimesema lete hapa. Kitu cha dereva kinarudi kwa dereva."

"Dereva yupi, mzee? Huyu? Mwulize leo ni siku gani."

"Jumamosi," mjomba akajibu. Ilikuwa Ijumaa.

Gaudiosus alikuwa amesogea, kofia mkononi, lakini hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akatikisa kichwa. Akaninyooshea kiganja.

Choo cha ghala kilikuwa hatua kumi kutoka pale. Nilikwenda, nikafungua mlango, nikaitupa rota shimoni. Niliisikia inafika. Nilipotoka, wanaume ishirini walikuwa wamesimama palepale, na nadhani kama mmoja angeniinulia mkono wengine wangefuata. Gaudiosus akavaa kofia, akaja akasimama upande wangu. Vestina naye akaja.

Watoto hawakwenda Kaisho. Auleria hakunisemesha siku tisa.

Rota haikupatikana Kayanga, wala Bukoba. Iliagizwa Mwanza na mfanyabiashara mmoja, na majibu yakawa ni kusubiri. Landrova ikakaa mbele ya ghala, kuku wakaanza kulala chini yake kweli. Kahawa ilibebwa vichwani. Nikipita njiani, watu niliowasalimia walijibu baada ya mimi kupita. Wazazi wawili waliwahamishia watoto wao kwenye mkondo wa mwalimu mwingine. Kila nilipoona watu wawili wanakimbia, moyo uliruka, nikidhani kuna mgonjwa.

Wiki ya nne kulikuwa na mgonjwa. Mzee Yustus, yule wa mbuzi, alishikwa na ngiri, tumbo likajaa, akawa analia kama mtoto. Wanaume wanane wakamweka kwenye machela ya miti wakambeba kwa zamu. Gaudiosus alikuwa mmoja wao. Mjomba naye alikuwa mmoja wao. Walifika hospitali siku ya pili asubuhi, na Mzee Yustus alifariki kabla ya saa sita.

Nilikwenda msibani. Nilipiga magoti mbele ya mjane, nikalia, na sikuwa nikilia ili nionekane. Mjane alinishika kichwa akaninong'oneza: "Sijui, mwanangu. Hata mimi sijui." Hilo ndilo nililobeba tangu hapo. Hakuna aliyeweza kusema kama gari lingemuokoa. Kuna siku najibu ndiyo, kuna siku najibu kwamba mjomba alikuwa amelewa siku ile pia na wangeishia wote kinamasini. Nilimwuliza Gaudiosus. Akasema, "Mimi ningempeleka kwa saa tatu. Lakini wewe hukuninyima usukani."

Wiki ya sita rota ikafika, imefungwa kwenye kipande cha gazeti. Baraza likaitwa, na safari hii mwenye kesi nilikuwa mimi. Walimpa Placidius daftari, akaliweka mapajani bila kuandika chochote, kwa kuwa hakujua kuandika haraka.

Mwenyekiti aliweka kifurushi juu ya meza.

"Mwalimu Kokushubira, hatutaki makubwa," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole, jambo lililonitisha zaidi. "Umri wako ni mdogo. Utapiga magoti mbele ya mjomba wako, umwombe radhi. Utaomba radhi kijiji. Utaleta kibuyu kimoja, tutakunywa, kesi itakwisha. Kisha nitamkabidhi Desderius kitu chake, gari litembee. Tumeteseka vya kutosha."

"Na nisipoomba?"

"Kesi itabaki wazi. Na kesi ikiwa wazi, kilichogombewa hakiondoki mezani. Unajua desturi."

Nilijua. Ndiyo maana sikuwa nimelala. Nilikuwa nimepiga hesabu ya wajawazito wa kijiji kwa majina, mmoja baada ya mwingine, na Vestina alikuwa wa kwanza, miezi saba. Nikiomba radhi, gari litawabeba, na atakayekuwa kwenye usukani ni mjomba. Nisipoomba, halitawabeba kabisa, mpaka wazee wachoke kushindana na mimi na kumwita Gaudiosus. Na wazee wetu hawachoki upesi.

Mjomba alikuwa ameketi kwenye gunia mbele yangu. Alikuwa amekonda. Alinyoa ndevu kwa ajili ya siku hiyo na kujikata mara mbili.

"Koku," akasema, "sema neno moja tu tumalize. Nimechoka kutembea macho chini. Sikuwaua wale watoto."

"Hukuwaua, mjomba."

"Sasa?"

Harufu ya rubisi ilinifikia kabla ya maneno yake. Ilikuwa saa nne asubuhi.

"Vestina," Mwenyekiti akaita, "wewe unakaribia kujifungua. Mwambie rafiki yako."

Vestina alisimama, mkono kiunoni. Twagirayezu alimvuta khanga aketi. Hakuketi. Alinitazama mimi, kisha akaitazama meza, kisha mikono ya mjomba.

"Mimi nitatembea," akasema, akaketi.

Ghala likaanza kunguruma, kila mtu na lake. Anatolia alikuwa akigombana na mtu nyuma. Mwenyekiti akapiga meza mpaka kifurushi kikaruka.

"Mwalimu! Tunakusubiri!"

Nilisimama. Nikapiga goti mbele ya mjomba, na nikasikia pumzi ya watu ikishuka, wamefarijika.

"Shikamoo, mjomba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu."

Nikainuka, nikakung'uta vumbi la kahawa gotini.

"Hiyo ni heshima yako, na utaipata kila siku. Mjane wa Mzee Yustus nimempa pole, na nitampa tena. Gaudiosus yuko pale mlangoni, mkimpa hicho kilichoko mezani gari litatembea kabla ya saa sita. Lakini radhi siombi. Sikuomba siku ile, siombi leo, na mkiniita kesho sitaomba."